Bluu Isiyoonekana: Vazi la Mama Maria na Beseni la Bibi



 Huu ni mwezi wa Oktoba, mwezi wa Rozari. Tunazunguka jumuiya kwa jumuiya, nyumba kwa nyumba, na karibu kila nyumba tunayoingia kuna picha ya Mama Maria ukutani. Nyingine imepauka kwa jua la dirishani, nyingine imeliwa kona na mende, nyingine ni kalenda ya miaka mingi iliyopita ambayo hakuna mwenye moyo wa kuitupa. Lakini angalia vizuri: karibu zote, Mama amevaa bluu.

Umewahi kujiuliza kwa nini bluu? Mimi nilichelewa kujiuliza. Na nilipopata jibu, lilinirudisha kwenye beseni la bibi yangu. Naomba leo tulitafakari hilo.

Jumamosi pale Misigiri

Nimekulia Misigiri, Iramba, mkoani Singida. Kama umewahi kusafiri kwa basi kati ya Singida na Nzega, basi umepita kwetu hata kama ulikuwa umelala: ni pale njia panda, barabara ya kwenda Kiomboi inapochepuka. Gari linasimama, watu wanashuka na mizigo yao, gari linaondoka, vumbi linabaki na sisi.

Bibi mzaa mama ndiye aliyekuwa akifua vitambaa vya altare vya kigango chetu. Hakuwa na cheo chochote. Hakuwa mwenyekiti, hakuwa mweka hazina, na kusoma masomo kanisani hakuweza kwa sababu shule hakwenda. Kila Jumamosi katekista alikuwa akimletea mfuko wenye vile vitambaa, na sisi wajukuu tukijua siku hiyo beseni jeupe haliguswi na mtu.

Alikuwa na utaratibu wake. Maji ya kwanza ya vitambaa vilivyogusa kalisi na Hostia hakuyamwaga ovyo. Aliyamwaga nyuma ya nyumba, chini ya ukuta, mahali ambapo hakuna mtu anakanyaga. Kisha sabuni. Kisha kusuuza mara mbili, ingawa mwezi kama huu wa Oktoba maji kwetu ni ya kuhesabu ndoo. Mwisho kabisa ndipo ilipokuja bluu. Wengi wenu mmeiona, au mama zenu wanaijua: ule unga wa bluu wa kufulia nguo nyeupe. Bibi aliufunga kwenye kipande cha kitambaa, akakitikisa ndani ya maji mara mbili tatu, na maji yakageuka kama kipande cha mbingu kilichodondokea kwenye beseni.

Mimi nikiwa mtoto niliipenda rangi ile. Siku moja nikataka kuongeza. Akanishika mkono.

"Acha wewe! Bluu ikionekana, umeharibu kitambaa."

"Sasa bibi, kama haionekani, tunaiweka ya nini?"

"Ili weupe uonekane."

Sikuelewa, nikaenda kucheza. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba bibi alisema jambo la kweli kabisa. Nguo nyeupe ikizeeka inakuwa na umanjano. Ukiitia bluu kidogo, bluu inauzima ule umanjano, na jicho linaona weupe. Bluu yenyewe huioni. Ukiiona, umezidisha.

Wasifu wa dakika mbili

Bibi alifariki nikiwa mjini, nimeshaanza kazi. Nilifika Misigiri usiku, msiba umejaa. Asubuhi yake, pale kwenye mazishi, ukasomwa wasifu wa marehemu. Mnajua jinsi unavyokuwa: alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, amejaliwa watoto kadhaa na wajukuu kadhaa, aliugua, akafariki. Dakika mbili, umekwisha. Kuhusu vile vitambaa, hata neno moja halikusemwa.

Na padre alikuwa ameadhimisha Misa ile ya mazishi juu ya kitambaa alichokifua bibi mwenyewe kabla hajalazwa. Nilikitazama. Kilikuwa cheupe pee.

Mngetegemea niwaambie kwamba nilimkasirikia aliyeandika wasifu. Lakini wasifu ule niliuandika mimi. Usiku ule wazee waliniita, wakasema, "Wewe umesoma, hebu tuandikie." Nikachukua kalamu, nikauliza mwaka wa kuzaliwa, nikahesabu wajukuu, nikaandika. Miaka yote ile niliyoishi naye nyumba moja, na sikukumbuka. Kazi yake ilikuwa imefanyika vizuri mno kiasi kwamba haikuonekana, hata na mjukuu wake.

Kuna jambo jingine lililonichoma. Miezi michache kabla ya hapo, mimi mwenyewe nilikuwa nimeacha kutumika parokiani kule mjini. Nilikuwa nashughulika na nyaya, spika na vipaza sauti vya kwaya. Siku ya sherehe kubwa wakashukuriwa watu wote, mpaka waliopika chai, jina langu halikutajwa. Nikasema moyoni, kumbe ndivyo? Basi nyaya wafunge wenyewe. Sikurudi tena.

Kwa hiyo nilisimama pale makaburini nikiwa mtu aliyesahauliwa, na hapohapo nikiwa mtu aliyesahau.

Jiwe kutoka ng'ambo ya bahari

Sasa turudi kwenye ile picha ya ukutani. Baada ya msiba nilianza kusoma habari za rangi ya bluu. Nilianza kwa udadisi tu wa ile pakiti niliyoikuta kwenye kopo la bibi, na nikajikuta nimefika mbali.

Siku zote Mama Maria hakuchorwa kwa bluu hii angavu. Kwa karne nyingi mafundi wa Ulaya walimvika rangi nzito: nyeusi, kijivu, zambarau, bluu ya giza, kama mama aliye msibani kwa ajili ya Mwanae. Ni kuanzia karne ya 12 ndipo bluu ilipoanza kung'aa. Wakati huohuo, karibu na mji wa Paris, kanisa la abasia ya Saint-Denis lilijengewa sehemu mpya ya altare, ikawekwa wakfu mwaka 1144, na vioo vyake vya rangi vilijaa bluu. Polepole, katika vioo, katika vitabu vya sala vilivyoandikwa kwa mkono na katika picha za altare, bluu ikawa vazi la Mama.

Bluu iliyo bora kuliko zote ilitoka kwenye jiwe linaloitwa lapisi lazuli. Jiwe hilo lilichimbwa Badakhshan, kaskazini mashariki mwa Afghanistan, kwenye milima ya bonde la mto Kokcha. Lilibebwa na wanyama kupita milima na majangwa, kisha likapakiwa melini hadi Venice. Ndiyo maana rangi yake iliitwa ultramarini, maana yake "ya ng'ambo ya bahari".

Na jiwe lenyewe halikuwa rangi bado. Wenzetu wanaochimba dhahabu Sekenke, pale jirani na kwetu, wanajua kwamba kupata jiwe ni nusu ya kazi. Bado kusaga, bado kuosha. Hata hili ilikuwa hivyo. Ukilisaga tu lapisi lazuli unapata unga wa kijivujivu, kwa sababu bluu imechanganyika na mawe mengine. Mchoraji mmoja wa Italia, Cennino Cennini, aliandika utaratibu wake yapata mwaka 1400. Unaponda jiwe kwenye kinu kilichofunikwa ili unga usipeperuke. Unachekecha. Unauchanganya na utomvu wa msonobari, utomvu mwingine uitwao mastiki, na nta, mpaka upate donge kama la unga wa chapati. Donge hilo unalikanda kila siku, kwa siku tatu mchana na usiku angalau. Kisha unalikamua ndani ya maji makali ya majivu, na bluu inaanza kutoka taratibu, inatua chini ya bakuli. Maji ya kwanza yanatoa bluu safi kabisa. Ya mwisho yanatoa kijivu.

Niliposoma hapo nilisimama kidogo. Bakuli, maji ya majivu, mikono inayokanda na kukamua, bluu ndani ya maji. Hii si ilikuwa Jumamosi ya bibi?

Gramu 14 za dhahabu

Bei yake je? Tuna mkataba mmoja uliohifadhiwa, wa tarehe 23 Oktoba 1485, mwezi kama huu. Mchoraji Domenico Ghirlandaio wa Florence aliahidi kuchora Mamajusi wakimwabudu Mtoto Yesu. Mkataba unataja hata bluu itakayotumika: iwe ultramarini ya thamani ya florini nne hivi kwa wakia moja. Florini ilikuwa sarafu ya dhahabu ya gramu kama 3.5, na wakia ni kama gramu 28. Piga hesabu. Unga wa bluu wa kujaa kiganja, kwa gramu 14 za dhahabu! Kijana wa Sekenke akiisoma hesabu hii hahitaji kuelezwa zaidi.

Wenye bei nafuu walikuwa na bluu nyingine iitwayo azuriti, itokanayo na madini ya shaba. Ndiyo maana wateja waliandika kwenye mikataba kabisa: vazi la Bikira lipakwe ile ya ng'ambo ya bahari, fundi asije akaleta ujanja.

Lakini tusiishie kwenye bei. Kwa nini rangi hii, na kwa nini yeye?

Lugha yetu wenyewe inatusaidia. Bluu kwa Kiswahili tunaiita pia samawati, na neno hilo limetokana na neno la Kiarabu la mbingu. Yaani ukisema nguo ya samawati, umesema nguo ya rangi ya mbinguni. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 24, Musa na wazee wa Israeli wanapanda mlimani, na chini ya miguu ya Mungu wanaona kitu kama sakafu ya jiwe la samawi, safi kama mbingu zenyewe. Wataalamu wengi wanaona kwamba jiwe hilo la watu wa kale ndilo lapisi lazuli. Na katika Hesabu sura ya 15, kila Mwisraeli anaagizwa kutia uzi wa samawati kwenye pindo la vazi lake, ili akiutazama akumbuke amri za Bwana. Uzi mmoja tu, kwenye pindo.

Sasa fikiri. Binti wa Nazareti, kijiji ambacho watu walikidharau, mchumba wa seremala, aliyetoa sadaka ya ndege wawili hekaluni kwa sababu hakuweza kununua mwanakondoo. Huyo ndiye ambaye Kanisa lilimvika rangi ghali kuliko zote, vazi zima. Katika maisha yake hapa duniani labda hakuwahi kuigusa nguo ya namna hiyo. Waamini wale walikuwa wanasema kwa rangi kile ambacho Maria alikisema kwa maneno katika Luka sura ya 1: kwamba Bwana ameutazama unyonge wa mtumishi wake. Bluu ile ilikuwa mbingu iliyoshuka ikamfunika, ili ndani yake apatikane Yule aliyeziumba mbingu. Ndiyo maana katika picha nyingi Mtoto Yesu amekaa ndani ya mikunjo ya lile vazi. Maria ni kama ile sakafu ya samawati chini ya miguu ya Mungu. Ukiitazama sakafu, macho yako yapande kwa aliyesimama juu yake.

Na hapa niwajibu wale wanaouliza kila mwaka: mbona sikukuu za Mama Maria padre havai bluu? Kwa sababu katika liturujia yetu ya Kilatini bluu haimo kwenye orodha ya rangi za mavazi ya ibada, isipokuwa kwa ruhusa ya pekee kama ile ya Hispania kwa Sherehe ya Mkingiwa. Sikukuu za Mama tunavaa nyeupe. Tena ukiwaza, inapendeza. Bluu inabaki kwenye picha, na altareni unaonekana weupe. Bibi angecheka.

Je, si hasara?

Najua kuna kijana anasoma hapa na moyoni anasema: dhahabu yote hiyo kwa ajili ya rangi, na maskini je? Swali zuri. Ni la zamani pia. Katika Marko sura ya 14 mwanamke anavunja chombo cha marhamu yenye thamani ya zaidi ya dinari 300, na baadhi ya waliokuwapo wananung'unika kwa hesabu hiyohiyo. Yesu anamtetea mama yule, lakini hapohapo anawakumbusha kwamba maskini wapo nao siku zote na wanaweza kuwatendea mema wakati wowote wakitaka. Hakusema uchague mmoja umwache mwingine.

Ile picha ya mwaka 1485 iliagizwa na nani? Iliagizwa na nyumba ya kulelea watoto waliotupwa, Spedale degli Innocenti pale Florence, kwa ajili ya altare ya kanisa lao. Watoto wachanga walioachwa mlangoni na mama zao walilelewa pale. Na ndani ya picha, mbele kabisa pamoja na Mamajusi, wamepiga magoti watoto wawili wenye majeraha, kati ya wale waliouawa na Herode kule Bethlehemu. Yaani bluu ya gramu 14 za dhahabu iliwekwa mahali ambapo yatima angeinua macho akaona Mama. Mimi siwezi kuiita hasara.

Lakini upande wa pili nao upo. Kule Padova, Italia, kuna kanisa dogo la Scrovegni, lililowekwa wakfu tarehe 25 Machi 1305, Sherehe ya Kupashwa Habari. Aliyelijenga alikuwa mtoto wa tajiri aliyejulikana kwa kukopesha kwa riba, na wengi husema alitaka kufidia mali ile. Mchoraji alikuwa Giotto, na dari lake la bluu ni la kustaajabisha. Sasa sikiliza jambo la kiufundi. Rangi nyingine Giotto alizipaka lipu ikiwa mbichi, zikanyonywa, zikawa sehemu ya ukuta. Lakini bluu ya azuriti haikupakwa hivyo. Ilipakwa juu ya lipu iliyokwisha kukauka, ikashikiliwa na gundi. Leo, miaka zaidi ya 700 baadaye, rangi za kwenye lipu mbichi bado zipo, na bluu mahali pengi imebanduka, hata kwenye mavazi.

Nawaachia hilo. Kuna sadaka tunayoipaka juu ya moyo mkavu, ili watu waone dari letu. Inapendeza, lakini haijaingia ukutani.

Meno ya mtawa

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike leo.

Huko Ujerumani, mahali paitwapo Dalheim, palikuwa na monasteri ndogo ya watawa wanawake. Iliteketea kwa moto karne ya 14. Vitabu vyao havikubaki. Mwezi Januari 2019 watafiti walitangaza walichokikuta kwenye mifupa ya mwanamke mmoja aliyezikwa pale kati ya karne ya 10 na ya 12, aliyefariki akiwa na umri wa miaka 45 hadi 60. Walikuwa wanachunguza ugaga wa meno yake, ule utando mgumu unaojijenga mdomoni, ili wajue watu wa zamani walikula nini. Walipouyeyusha, wakaona chembe za bluu. Nyingi, zaidi ya 100. Walipozipima wakakuta ni lapisi lazuli.

Jiwe la Badakhshan, kwenye meno ya mtawa wa Ujerumani!

Imefikaje mdomoni? Maelezo waliyoona yana uzito zaidi ni haya: mama huyu alikuwa akichora kwenye vitabu vitakatifu, na kila mara aliilainisha ncha ya brashi kwa midomo yake. Mara moja, mara mia, mwaka hadi mwaka. Kidogo kidogo bluu ya vazi la Mama Maria na ya mbingu za kwenye kurasa ikajificha kwenye meno yake. Mafundi wengi wa vitabu vya monasteri hawakuandika majina yao, na wanawake zaidi. Jina la huyu mama hatulijui. Hakuna picha yake hata moja tunayoweza kusema, hii aliichora yeye. Vitabu viliungua. Lakini ushahidi ulibaki mahali ambapo yeye mwenyewe hakuujua, mdomoni mwake, mpaka zamu yake ya kusikika ilipofika, miaka kama 900 baadaye.

Niliposoma habari ile nilikuwa nimekaa kwenye daladala, simu mkononi. Nikamkumbuka bibi na vidole vyake. Jumamosi jioni ncha za vidole vyake zilikuwa na bluu kwenye mikunjo ya kucha. Tulikuwa tunamtania, "Bibi umepaka rangi!" Na yeye anaficha mikono kwenye kanga, anacheka.

Hiyo ndiyo bluu niliyoiacha nje ya wasifu wake.

Bluu inarudi kwenye beseni

Na sasa kipande cha mwisho cha historia. Mwaka 1824 chama kimoja cha maendeleo ya viwanda cha Ufaransa kiliahidi faranga 6,000 kwa atakayeweza kutengeneza ultramarini bila lile jiwe ghali. Tuzo ilitolewa mwaka 1828 kwa Jean-Baptiste Guimet. Siri yake ilikuwa vitu vya kawaida vilivyopikwa kwenye tanuri: udongo mweupe, magadi, salfa na mkaa. Kilichotoka ni bluu ileile kwa asili yake. Bei ikaporomoka. Na punde si punde watu wakagundua kwamba unga ule unafaa sana kufulia nguo nyeupe.

Umeelewa? Ule unga wa kufulia tuliokulia nao, uliouzwa dukani kwa shilingi chache, ni ndugu wa damu wa lile vazi la gramu 14 za dhahabu. Bibi yangu pale Misigiri alikuwa ameshika ultramarini. Na aliitumia kwa kazi ileile: kumheshimu Yule aliye altareni. Tofauti ni kwamba kwa Ghirlandaio bluu ilionekana, na kwa bibi ilipotea ndani ya weupe.

Ipi ilikuwa na thamani zaidi mbele za Mungu? Yesu alishajibu alipokaa mkabala na sanduku la hazina akamtazama mjane na senti zake mbili. Na katika Mathayo sura ya 6 anatufundisha kwamba Baba anaona yanayofanyika sirini. Vijana, tunalisikia neno hili kila Jumatano ya Majivu na tunadhani ni onyo kwa wanafiki tu. Ni onyo, ndiyo. Lakini ni faraja pia. Maana yake hakuna Jumamosi hata moja ya bibi iliyopotea.

Basi tufanye nini?

Nina mambo matatu, na nimeanza na mimi mwenyewe.

La kwanza. Nilirudi kwenye nyaya. Nilikwenda Jumamosi moja mapema, nikamkuta kijana mdogo anahangaika na spika, nikamwambia, "Sogea nikuonyeshe." Hakuna aliyenitangaza, na safari hii sikusubiri. Kama na wewe uliacha kwaya, uliacha utumishi wa altare, uliacha TYCS au VIWAWA kwa sababu hukutajwa, rudi. Wiki hii tafuta kazi moja ambayo ikifanyika vizuri haitaonekana: kufuta mabenchi, kumsindikiza mzee usiku baada ya Rozari, kuosha vyombo vya jumuiya. Na usiiposti.

La pili. Mungu kuona sirini hakutuondolei sisi wajibu wa kusema asante. Hapa mimi ndipo nilipokosa, na siwezi kujificha nyuma ya aya ya Biblia. Kaa na bibi yako, babu yako, mama mlezi, yule mzee anayepiga kengele. Muulize alifanya nini kwa ajili ya Kanisa, uandike. Usisubiri uombwe usiku wa msiba, kalamu inatetemeka na hesabu ya wajukuu inagombewa.

La tatu. Mpe Mungu maji ya kwanza. Kumbuka lile donge la Cennini: bluu safi inatoka mwanzo, mwishoni kinatoka kijivu. Wengi tunampa Mungu kijivu. Sala tukiwa tumeshasinzia, sadaka ya chenji iliyobaki, ujana tunasema tutakuja kuutoa tukishaoa. Toa sasa, lipu ikiwa mbichi.

Mwaka mmoja baada ya msiba tulifanya Misa ya kumwombea bibi. Binamu yangu ndiye anayefua vitambaa siku hizi. Kabla ya baraka ya mwisho niliomba nafasi, nikasimama mbele ya watu na karatasi yangu. Nikasoma wasifu upya. Safari hii beseni lilikuwemo, maji ya nyuma ya nyumba yalikuwemo, na vidole vya bluu vilikuwemo. Katekista wetu mzee alikuwa amekaa benchi la mbele. Akaitikia kwa sauti, "Kweli kabisa." Nikakaa.

Usiku wa leo mkisali Rozari, tazama tena ile picha ukutani, hata kama imepauka. Kisha tuombe pamoja:

Ee Mama Maria, uliyevikwa mbingu ukiwa binti wa kijijini, utufundishe kutumika bila kupigania kuonekana. Wakumbuke mbele ya Mwanao wote waliofua, waliofagia, waliochora na kushona kwa ajili ya nyumba yake, na majina yao sisi tumeyasahau. Utusamehe uvivu wetu wa kushukuru. Utuombee tutoe kilicho safi mapema, ili weupe wa Kristo uonekane. Amina.

Bikira Maria, Malkia wa Rozari Takatifu, utuombee.

Raha ya milele uwape, ee Bwana, bibi zetu na babu zetu waliotutangulia. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.